Injini ya Trekta Inapoingia Baharini

Fundi wa matrekta akifunua chumba cha injini kwenye boti la miaka ya 1970 au 1980, huenda akakuta mashine anayoifahamu vizuri. Perkins 4.236 ilianza kuuzwa mwaka 1964 kutoka Peterborough, Uingereza. Ilifungwa kwenye matrekta ya Massey Ferguson, kwenye jenereta na mitambo ya kazi, na vilevile kwenye boti za uvuvi na za matanga. Jina lake ni hesabu tu: silinda 4, inchi za ujazo 236, yaani lita 3.86. Ukiondoa vilivyoongezwa kwa ajili ya bahari, bloku na krenki ni ndugu wa vile vilivyoko shambani.

Hiyo ndiyo bahati ya mwenye boti kuukuu. Trekta bado zinalima, hivyo ringi, beringi na gasketi ya hedi bado zinatengenezwa, na mara nyingi duka la vipuri vya matrekta huuza kwa bei nafuu kuliko duka la boti. (Maneno "ya baharini" kwenye boksi yana kawaida ya kupandisha bei bila kuongeza chuma.) Mpangilio wake nao hauna mafumbo. Majira ya valvu huendeshwa kwa gia, hakuna mkanda wa kukatika, na injini ikishawaka haihitaji umeme ili iendelee kuwaka.

Shida iko kwenye vile vilivyoongezwa. Injini za aina hii haziuawi sana na kazi. Huuawa na maji ya chumvi, dizeli chafu na kukaa bila kutumika.

Trekta hupozwa na rejeta na feni. Kwenye boti, maji baridi yenye dawa ya kuzuia kutu huzunguka ndani ya bloku, na maji ya bahari hupita kwenye mirija myembamba ya kipozeo, yakibeba joto bila kuchanganyika na yale ya ndani. Inayoyavuta ni pampu yenye impela ya mpira, na impela haivumilii ukavu: koki ya bahari ikisahauliwa imefungwa, mabawa yake huungua na kukatika muda si mrefu. Wengi hufunga impela mpya na kuondoka. Vipande vya ile ya zamani hubaki vimeziba midomo ya mirija, na siku ya safari ndefu injini inachemka ilhali impela ni nzima. Fundi makini huvihesabu vipande hadi bawa la mwisho lipatikane. Papo hapo hukagua kipande cha zinki, kama kipozeo kinacho, kwa maana kimewekwa kiliwe na chumvi badala ya mirija.

Hatari kubwa zaidi iko mbele kidogo. Maji yale yale, yakishapoza injini, humwagwa ndani ya bomba la moshi ili lisiungue, kisha moshi huyasukuma nje. Sasa injini imegoma kuwaka, na nahodha anapiga starta, anapumzika, anapiga tena. Kila mzunguko pampu inaleta maji, lakini hakuna moshi wa kuyatoa. Yanajaa kwenye bomba, yanapanda, yanarudi kupitia valvu za moshi mpaka ndani ya silinda. Maji hayagandamiziki. Pistoni ikipanda na kuyakuta, mkono wake unaweza kupinda, na injini iliyokosa dizeli tu inageuka kuwa ya kufunguliwa yote. Dawa yake haigharimu chochote: baada ya majaribio machache kushindwa, koki ya bahari ifungwe, na ifunguliwe mara injini inapowaka.

Boti ambalo injini yake iko chini ya usawa wa maji linahitaji kinga nyingine, nayo ni mpira wa maji uliopindishwa juu ya usawa huo na kuwekewa valvu ndogo ya hewa. Bila valvu hiyo, au ikizibwa na chumvi, bahari inaweza kujivuta yenyewe hadi kwenye injini iliyozimwa.

Upande wa dizeli, pampu ya CAV ya aina ya DPA, iliyofungwa kwenye nyingi ya injini hizi, hulainishwa na dizeli yenyewe. Maji kidogo tu yanatosha kuitia kutu. Tangi lililoachwa nusu hutoa jasho kwa ndani. Maji hayo hushuka chini, na mpakani mwa maji na dizeli huota vijidudu vinavyoacha utando mweusi. Boti likitulia, utando nao hutulia. Bahari ikichafuka hukorogwa na kuziba filta, ndiyo maana injini hizi huzimika pale nahodha anapozihitaji zaidi. Kinga ni kutoa maji chini ya tangi mara kwa mara, kulijaza kabla ya kuliegesha boti, na kubeba filta za akiba pamoja na spana ya kutolea hewa.

Oili nayo ibadilishwe kabla ya boti kupumzishwa, si baada, kwa sababu oili chafu ina tindikali inayokula beringi kimyakimya. Kuiwasha injini saa nzima bila mzigo ili kuchaji betri pia si kuitunza: joto halifiki panapotakiwa, kuta za silinda hung'aa, na ringi hushindwa kuzuia oili.

Anayenunua aombe kuiona injini ikiwashwa ikiwa baridi. Akikuta bloku lina joto, arudi siku nyingine. Moshi wa buluu unaoendelea ni oili inayoungua. Mweupe usiokwisha hata injini ikipata moto ni dizeli isiyoungua au maji yaliyoingia. Mweusi ni dizeli iliyozidi hewa, na kwenye boti chanzo chake huenda kisiwe injini kabisa: rafadha kubwa mno, au chini ya boti pameota magugu na makombe. Mpiga mbizi mwenye kikwaruzo ashuke kwanza, kabla ya nozeli nne kung'olewa.