Je, Wajua? Nchi ya bitcoin haikuwa na sarafu yake

El Salvador, nchi ya kwanza duniani kuifanya bitcoin fedha halali, haikuwa na sarafu ya taifa ya kuibadilisha. Colón yake ilikwisha kuipisha dola ya Marekani mwaka 2001.

Bitcoin ilianza rasmi tarehe 7 Septemba 2021. Raia aliyejisajili kwenye Chivo, programu ya simu ya serikali, alipewa bitcoin za dola 30. Wengi walizitumia, kisha programu yenyewe wakaisahau. Serikali nayo ilichimba bitcoin kwa umeme wa mvuke wa volkano!

Januari 2025 sheria ililegezwa: wafanyabiashara hawalazimiki tena kuipokea. Nyuma yake kulikuwa na mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) wa dola bilioni 1.4.

Jamhuri ya Afrika ya Kati nayo iliiga El Salvador kwa sheria yake ya Aprili 2022, ingawa wananchi wake wengi hawakuwa na umeme, sembuse intaneti. Mwaka uliofuata ikaifuta sheria hiyo.