Waipa za upepo kwenye basi: Kwa nini zinageuzwa kuwa za umeme, na kazi yenyewe inavyofanyika

Mvua ikishika kwenye vilima vya Kyerwa, dereva wa basi anahitaji vitu viwili kwa wakati mmoja: aone mbele na aweze kupunguza mwendo. Kwenye baadhi ya mabasi na malori ya zamani, vitu hivyo viwili vinakula sahani moja. Breki zinatumia upepo, na waipa nazo zinatumia upepo huohuo.

Sasa fikiria mteremko mrefu. Dereva anakanyaga breki mara kwa mara, geji ya upepo inashuka, na waipa zinaanza kujivuta. Kioo kinajaa maji pale pale ambapo dereva anakihitaji zaidi.

Hiyo ndiyo sababu kubwa inayowafanya wenye magari ya aina hiyo waamue kung'oa mota za upepo na kufunga za umeme. Kazi inawezekana kwenye gereji ya kawaida. Lakini ikifanywa ovyo, inaweza kuzaa tatizo kubwa kuliko lile la mwanzo.

Kwa Rubwera, makao makuu ya Wilaya ya Kyerwa mkoani Kagera, hili si jambo la mbali. Eneo hili, ambalo lilikuwa sehemu ya Karagwe hadi wilaya mpya ilipoanzishwa mwaka 2012, lina misimu miwili ya mvua: vuli kuelekea mwisho wa mwaka, na masika kati ya Machi na Mei. Kuna milima, kuna ukungu wa asubuhi, kuna matope mekundu yanayorushwa kiooni na gari la mbele. Na kuna safari ndefu za kwenda Bukoba, Mwanza na hadi Dar es Salaam.

Waipa ya upepo ni ipi?

Gari lenye breki za upepo lina kompresa inayoendeshwa na injini. Kompresa inajaza mitungi, na kwa kawaida mgandamizo unafika kati ya psi 100 na 120, yaani bar 7 hadi 8 hivi.

Kwenye mfumo wa waipa za upepo, mpira mwembamba unatoka kwenye mtungi hadi kwenye kitasa kilichopo dashibodi. Dereva akikizungusha, upepo unaingia kwenye mota ndogo iliyo chini au juu ya kioo. Ndani yake kuna pistoni inayosukumwa upande mmoja, kisha vali ndogo inageuza njia ya upepo na pistoni inarudi. Mkono wa waipa unafuata.

Namna ya kuitambua ni rahisi. Ina mlio wa "tss, tss" kila inapogeuka, na kasi yake inaongezwa kidogo kidogo kwa kuzungusha kitasa, si kwa swichi yenye hatua.

Kwa nini walizitengeneza hivyo?

Waipa za kwanza zilisukumwa kwa mkono. Mwaka 1903, Mary Anderson wa Alabama, Marekani, alipata hataza ya waipa iliyoendeshwa kwa mpini kutoka ndani ya gari. Baadaye magari ya petroli yakatumia mvuto wa hewa kutoka kwenye injini. Bosch ya Ujerumani ilianza kuuza waipa za umeme mwaka 1926.

Lakini injini za dizeli hazina mvuto ule wa hewa kama za petroli, na basi kubwa tayari lilikuwa na kompresa kwa ajili ya breki. Kwa watengenezaji wengi, hasa wa Marekani, ilikuwa hesabu nyepesi: upepo upo, tuutumie.

Na mota ya upepo ina sifa zake. Waipa ikikwama kwenye tope zito, mota inasimama tu. Haiungui. Haina waya wa kupiga shoti wala fyuzi ya kukatika.

Tatizo linaanzia wapi?

Tatizo kubwa ni maji na oili. Hewa ikigandamizwa, unyevu uliomo unageuka maji na kutuama kwenye mitungi. Kompresa iliyochoka nayo inatema oili. Mchanganyiko huo ukifika kwenye mota ya waipa, sili zinavimba, vali inanata, na waipa inakwama katikati ya kioo.

Tatizo la pili ni kasi isiyotabirika. Upepo ukipungua, waipa inapungua. Upepo ukijaa, inapiga kwa fujo.

La tatu ni uvujaji. Mpira uliopasuka au sili iliyokwisha inakula upepo muda wote kitasa kikiwa wazi. Magari mengi yana vali ya ulinzi inayokata upepo wa vifaa vya ziada pale mgandamizo unaposhuka sana, ili breki zibaki na akiba yake. Kwa gari lenye vali nzima, waipa ndiyo inayokufa kwanza. Kwa gari ambalo vali hiyo imekufa au imeondolewa, uvujaji wa waipa unakuwa uvujaji wa breki.

Na la nne ni spea. Mota za upepo hazipatikani kirahisi tena, wakati mota za umeme za volti 24 zipo kwenye malori na mabasi mengi yanayochinjwa kwa ajili ya vipuri.

Kabla hujabadilisha, pima haya

Si kila waipa inayojivuta inahitaji mota mpya. Fundi makini anaanza na vitu vya bei rahisi:

• Raba za waipa. Zikikauka na kupasuka, hata mota nzuri haisafishi kioo.

• Viungo vya mikono. Zima upepo, kisha sogeza mkono wa waipa taratibu. Ukiwa mzito, shida inaweza kuwa kutu kwenye ekseli yake, na hata mota ya umeme itateseka na kuungua hapo.

• Mitungi. Fungua vali za chini na kumwaga maji. Kama yanatoka maji mengi au oili, hilo ni tatizo la mfumo mzima, na breki nazo zinaumia.

• Mipira na maungio. Paka maji ya sabuni. Panapotoa povu, panavuja.

Baada ya hapo, kama mota yenyewe ndiyo imechoka, uamuzi wa kuhamia umeme una maana.

Volti kwanza, bei baadaye

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Basi kubwa mara nyingi lina betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kwa mfululizo kupata volti 24. Mota ya waipa iliyotoka kwenye gari dogo ni ya volti 12. Ukiiunganisha moja kwa moja kwenye volti 24, itazunguka kwa kasi ya ajabu, kisha itaungua.

Kuna njia ya mkato ambayo inaonekana ya akili: kuchukua volti 12 kutoka kwenye betri moja kati ya zile mbili. Usikubali. Altaneta inachaji betri zote mbili kwa pamoja. Ile unayoinyonya inabaki na njaa, nyenzake inachajiwa kupita kiasi, na baada ya muda zote mbili zinakufa.

Jibu ni kutafuta mota ya volti 24, au kufunga kifaa cha kupunguza volti kutoka 24 hadi 12 chenye uwezo wa kubeba mzigo wa mota.

Kuhusu mzigo, hesabu si ngumu. Mota inayovuta ampea 5 kwenye volti 24 inakula wati 120. Mbili ni wati 240. Kwa altaneta ya basi iliyo nzima, huo si mzigo wa kutisha. Kwa altaneta iliyochoka, huku taa kubwa, feni na redio vimewashwa usiku wa mvua, ni habari nyingine.

Mwendo wa mota: kosa linalovunja kioo

Mota nyingi za upepo zinageuza ekseli kwenda na kurudi zenyewe. Mota nyingi za umeme zinazunguka mduara mzima bila kurudi. Kwa hiyo huwezi kufunga mkono wa waipa moja kwa moja kwenye mota ya umeme, isipokuwa ile iliyotengenezwa maalumu kwa kwenda na kurudi.

Panahitajika vyuma vitatu: mkono mfupi kwenye mota, fimbo ya kuunganisha, na mkono mwingine kwenye ekseli ya waipa. Urefu wa mikono hiyo miwili ndio unaoamua waipa ifagie eneo gani.

Mfano: mkono wa mota ukiwa sentimita 4 na ule wa ekseli sentimita 6, waipa itafagia nyuzi 84 hivi. Ukirefusha mkono wa mota hadi sentimita 5, inafagia nyuzi 113 hivi. Ukiufanya ulingane na ule wa ekseli, mfumo unakwama au unapinduka upande usiotakiwa.

Ndiyo maana fundi anapaswa kupima kwanza waipa ya zamani ilikuwa inaanzia wapi na kuishia wapi, akaweka alama kwenye kioo, ndipo akate chuma. Kisha anazungusha mota kwa mkono mduara mzima kabla ya kuwasha umeme. Waipa ikigonga fremu ya kioo au kugongana na mwenzake, bora igundulike hapo.

Mota nayo ifungwe kwenye kipande cha chuma kizito chenye bolti, si kwenye bati jembamba la bodi. Kwenye barabara ya changarawe, bati litachanika.

Waya, fyuzi na swichi

Mota nyingi za umeme zina waya nne au tano: wa kasi ndogo, wa kasi kubwa, wa bodi (hasi), na zile za kuegesha. Hizi za kuegesha ndizo zinazofanya waipa irudi chini ya kioo hata ukizima ikiwa katikati. Mafundi wengine huziacha bila kuziunganisha ili kumaliza haraka. Matokeo yake dereva anazima na waipa inabaki imesimama mbele ya macho yake.

Mambo ya kusimamia ni haya:

1. Kila mota iwe na fyuzi yake. Moja ikikatika upande wa abiria, ya dereva iendelee kufanya kazi.

2. Fyuzi ikae karibu na chanzo cha umeme. Waya ukichubuka njiani, fyuzi ikatike kabla bodi haijashika moto.

3. Waya uwe mnene wa kutosha. Kutoka betri za nyuma hadi kioo cha mbele ni mbali, na waya mwembamba unapoteza umeme na kupata joto.

4. Umeme upite kwenye rilei, ili swichi ya dashibodi isibebe mzigo wote.

5. Waya wa hasi ufungwe kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi. Bodi iliyo na kutu inafanya waipa iende kwa kusuasua.

Na kama kioo kilikuwa kinarushiwa maji kwa nguvu ya upepo, pampu ndogo ya umeme nayo itahitajika. Matope ya Omurushaka hayatoki kwa waipa kavu.

Mpira wa upepo uliobaki: usiukunje

Hii ndiyo sehemu hatari kuliko zote. Baada ya mota ya zamani kutolewa, mpira wake bado una upepo. Kuukunja na kuufunga kwa waya au raba ya tairi ni mchezo wa kifo. Siku ukifyatuka, mtungi unavuja gari likiwa na abiria.

Utaratibu sahihi ni huu: egesha sehemu tambarare, weka vizuizi kwenye magurudumu, zima injini, mwaga upepo wote. Kumbuka kwamba upepo ukiisha, breki za springi zinajikaza zenyewe, kwa hiyo gari halitasogea hadi upepo ujae tena. Ondoa mpira wote hadi kwenye chanzo chake, kisha ziba tundu kwa plagi ya chuma yenye uzi unaolingana.

Baada ya hapo jaza upepo, zima injini, achia breki magurudumu yakiwa bado na vizuizi, na uangalie geji. Kigezo kinachotumika kwenye mtihani wa madereva wa magari makubwa Marekani ni kwamba gari lisilo na tela lisipoteze zaidi ya psi 2 kwa dakika moja. Ikishuka kuliko hapo, gari haliondoki.

Utajuaje kazi imekamilika?

Lowesha kioo kwa ndoo ya maji na uhesabu. Kiwango cha usalama cha Marekani kinataka waipa iwe na kasi zisizopungua mbili: moja isiyopungua mizunguko 45 kwa dakika, nyingine isiyopungua 20, na tofauti kati yao iwe angalau 15. Tena kinataka kasi hiyo isitegemee mwendo wa injini. Mzunguko mmoja ni kwenda na kurudi.

Hesabu injini ikiwa taratibu, kisha ikiwa juu. Kisha washa taa zote na urudie. Zima waipa ikiwa katikati ya kioo uone kama inarudi mahali pake. Iache ifanye kazi nusu saa kwenye kioo chenye maji, kisha gusa mota na waya. Vuguvugu ni kawaida. Ikiunguza mkono, kuna kitu kinakaba.

Na abiria je?

Abiria hawezi kujua kama waipa ni ya upepo au ya umeme, na si kazi yake. Lakini anaweza kuona kama kioo cha mbele kinasafishwa. Dereva anayetoa kichwa dirishani kwenye mvua, au konda anayefuta kioo kwa kitambaa kila baada ya kilomita chache, ni dalili kwamba basi hilo halikupaswa kuwa barabarani kwa wakati huo.

Kwa mwenye gari, gharama ya mota mbili, waya na siku moja ya fundi inauma. Lakini mvua za Kyerwa zinakuja mara mbili kwa mwaka, kila mwaka, na mteremko hausubiri geji ya upepo ijae.