Geocaching: Geuza Simu Yako Ramani ya Hazina, Peleka Watoi Msituni

Ikifika Jumamosi, keja nyingi Nairobi ziko na shida moja. Watoi wamekwama kwa katuni, plot haina uwanja wa kucheza, na ukiingia mall na watoi wawili unatoka ukiwa umesota. Ukiwaambia "twendeni tutembee msituni" wanakuangalia ni kama umewatuma waoshe vyombo. Lakini waambie kuna kitu kimefichwa mahali huko ndani, na simu ndiyo inajua njia. Viatu zitavaliwa kabla umalize kuongea.

Hiyo ndiyo nguvu ya Geocaching, gemu ya kusaka hazina kwa kutumia GPS. Kama wewe ni mzazi wa rika la juzi, anko, aunty ama bro mkubwa ambaye ameachiwa watoi wikendi, hii stori ni yako.

Gemu yenyewe ni gani?

Msee anaficha kopo mahali pa umma. Ndani anaweka kijitabu, na mara nyingi vitu vidogo vidogo kama stika, bangili, kigari cha kuchezea. Halafu anachukua namba za mahali hapo kwa GPS na kuziweka kwa apu inayoitwa Geocaching. Wewe ukiwa pande hizo, apu inakuonyesha kopo liko umbali gani na upande gani. Unatembea, unatafuta, ukilipata unaandika jina na tarehe kwa kijitabu, halafu unalirudisha pale pale vile ulilipata. Ukichukua kitu, unaacha kingine cha thamani hiyo hiyo ama zaidi. Imeisha hivyo.

Kila kopo lina alama mbili, kuanzia 1 hadi 5. Ya kwanza inakuambia ni ngumu kiasi gani kulipata, ya pili inakuambia njia iko aje. Kama una watoi wadogo, cheza na zile za 1 na 2. Ya 5 kwa 5 inaweza kukudai kamba ama mtumbwi, na hujakuja kwa hiyo. Size pia zinatofautiana: kuna kopo dogo kuliko kidole gumba, na kuna boksi kubwa kama ndoo. Watoi hawapendi zile ndogo kwa sababu hazibebi kitu ya kubadilishana.

Wapita njia wasiocheza wanaitwa "muggles", jina lililotolewa kwa vitabu vya Harry Potter. Sheria ni kutafuta bila wao kushtuka, na watoi huenda wazimu na hiyo part ya kuwa majasusi.

Dunia nzima kuna zaidi ya makopo milioni 3 yaliyofichwa. Kenya yako, lakini si mengi kama Ulaya au Marekani. Akaunti ya bure inakuonyesha baadhi, na mengine ni ya wanaolipia. Kwa hivyo usiwaahidi watoi kitu kabla hujafungua ramani ya apu ukiwa bado kejani. Na kama huko unaenda hakuna kopo, tulia, kuna njia nyingine hapo chini.

Ilianza na ndoo na kopo la maharagwe

GPS ni mali ya serikali ya Marekani. Kitambo, jeshi lao lilikuwa linaharibu kidogo signal ya raia makusudi, ndio watu wengine wasiitumie kwa usahihi. Ungeweza kupotezwa hadi mita 100. Tarehe 2 Mei 2000, chini ya rais Bill Clinton, huo uharibifu ukazimwa, na mashine za raia zikawa sharp usiku mmoja.

Kesho yake, tarehe 3 Mei, msee anaitwa Dave Ulmer akaficha ndoo nyeusi msituni karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, akaweka namba zake kwa intaneti. Ndani kulikuwa na vitabu, video, pesa kidogo, manati na kopo la maharagwe. Ndani ya siku chache Mike Teague akaipata. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo, Jeremy Irish akafungua tovuti ya Geocaching.com. Kumbuka hayo maharagwe, tutarudi kwayo.

Kwa nini simu inakudanganya chini ya miti

Satelaiti za GPS ziko juu karibu kilomita 20,200. Kila moja inatuma ujumbe: "mimi ni fulani, niko hapa, na saa ni hii." Simu yako inapima ujumbe umechukua muda gani kufika, na kwa sababu signal inasafiri kwa kasi ya mwanga, inajua umbali. Inahitaji angalau satelaiti nne ndio ijue uko wapi kabisa.

Mambo mawili hapo. Kwanza, GPS haili bando. Simu inapokea tu kutoka juu, haitumi chochote. Kinachokula bando ni picha ya ramani, kwa hivyo pakua ramani ya nje ya mtandao ukiwa na wifi. Pili, simu ikiwa mahali wazi inaweza kukosea kama mita 5 hivi. Ukiingia chini ya miti mikubwa ama kwa bonde, signal inazibwa na kugongagonga, na hiyo mita 5 inaweza kuwa 15 ama 20. Ndio maana ukiona umebakisha kama mita 10, weka simu mfukoni. Waambie watoi watumie macho: shina lenye shimo, jiwe limekaa vibaya, kitu yoyote ambayo haifanani na jirani zake.

Namba zenyewe ni somo la hesabu la bure. Chukua -1.2400, 36.8300, hiyo ni pande za Karura. Namba ya kwanza ni umbali kutoka ikweta, na hiyo alama ya kutoa inamaanisha uko kusini. Ukisahau kuiweka, simu itakutuma zaidi ya kilomita 270 kaskazini, pande za Maralal huko Samburu. Ukibadilisha tarakimu ya tatu baada ya nukta kwa moja, umesonga kama mita 111. Ya nne ni mita 11. Ya tano ni kama mita moja. Apu ya Geocaching huandika tofauti, kwa digrii na dakika, kwa hivyo S 01° 14.400 ni mahali pale pale pa -1.2400. Mtoi wa darasa la sita akishika hiyo, jiografia haitamsumbua tena.

Hapa Nairobi usifiche kopo ovyo

Sasa tukuje kwa ile part serious. Watu wengi wakisikia hii gemu wanataka kununua kopo na kulificha wikendi hiyo hiyo. Weka breki.

Ya kwanza ni usalama. Tangu Westgate, Septemba 2013, mlinzi wa jiji hili akiona boksi limefichwa chini ya benchi hatafikiria stika na bangili. Atapiga simu, watu watatolewa, na siku ya kila mtu itaharibika. Sheria za Geocaching zenyewe zinasema lazima mwenye mahali akupe ruhusa, usizike kopo ardhini, na liwe angalau mita 161 kutoka kwa lingine. Msituni, ruhusa inaanzia kwa ofisi ya wale wanaousimamia. Askari wa gate hawezi kukupa kwa mdomo halafu mambo yaishe.

Ya pili ni chakula. Yale maharagwe ya Ulmer leo hayakubaliki. Weka peremende moja tu kwa kopo ndani ya Karura, na kima watalipasua kabla mtoi yeyote afike. Mbaya zaidi, mnyama akishajua binadamu ni chakula, anaanza kunyang'anya watu mabegi.

Ya tatu ni plastiki. Tangu tarehe 5 Juni 2020, plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi kwa misitu, mbuga na fuo zinazolindwa Kenya. Chupa ya maji ya dukani, vikombe, vijiko, mirija, zote zinabaki nje. Beba maji kwa chupa ya kutumia tena.

Na kuna sababu kubwa kuliko faini. Karura, zaidi ya hekta 1,000 katikati ya jiji, karibu tuipoteze. Miaka ya tisini vipande vyake viligawiwa watu binafsi wajenge majumba. Profesa Wangari Maathai na Green Belt Movement wakakataa. Tarehe 8 Januari 1999 walienda kupanda miti wakavamiwa, na yeye akapigwa akaumizwa kichwa. Mwaka wa 2004 akapata tuzo ya Nobel ya Amani. Hata baada ya msitu kuokolewa, kwa miaka mingi watu waliogopa kuingia. Ilibidi Huduma ya Misitu na wakazi washikane, uzio uwekwe na njia zitengenezwe, ndio leo unaweza kupeleka mtoi wa miaka mitano pale na baiskeli.

Kwa hivyo mtoi akiokota karatasi ya mtu mwingine njiani, hajatoka kwa gemu. Wachezaji wa Geocaching duniani wana desturi ya kuokota taka wakisaka makopo. Beba gunia ndogo, mpe pointi kwa kila taka atakayoleta.

Cheza bila kopo: hazina inakaa kwa begi yako

Hii ndiyo njia poa zaidi kwa familia ya hapa, na haihitaji ruhusa ya kuficha kitu kwa sababu hufichi kitu. Ndani ya Geocaching yenyewe kuna aina isiyo na kopo inaitwa EarthCache: unapelekwa mahali kama maporomoko ama mwamba, unajibu maswali kuhusu ardhi, unapewa alama. Chukua wazo hilo utengeneze yako:

1. Fungua ramani kwa simu, bonyeza mahali kwa muda, namba zitatokea. Chagua vituo vitano. Karura ina njia panda zenye namba, madaraja, maporomoko, na mapango ambayo wapiganaji wa Mau Mau walijifichia.

2. Kila kituo kipe swali ambalo haliwezi kujibiwa ukiwa kejani. Bango lina namba gani? Daraja lina mbao ngapi? Maji yanaelekea upande upi?

3. Jibu la kituo kimoja lifungue kingine. Kwa mfano, unawapa namba za kituo cha pili zikiwa na pengo mwishoni, na tarakimu inayokosekana ni ile ya mwisho kwa bango la kituo cha kwanza.

4. Hazina ibaki kwa begi yako. Kituo cha mwisho kiwe nje ya gate ama mahali pa kupumzika, hapo ndio unaitoa.

5. Simu ishikwe kwa zamu, dakika kumi kila mmoja. Hii moja usiiruke. Bila hiyo, kifungua mimba atashika simu hadi jioni na mdogo atalia njia yote.

Kilomita tatu zinatosha kwa watoi wa chini ya miaka minane. Wakubwa wanaweza tano hadi saba. Kama Karura iko mbali, Arboretum ni hekta 30 tu na haiwezi kukupoteza, na miti yake mingi ina vibao vya majina, kwa hivyo maswali yashajitengeneza. City Park kuna kaburi la Pio Gama Pinto na bustani ya ukumbusho ya Joseph Murumbi, historia ya bure kabisa. Upande wa Karen, Oloolua ina pango, maporomoko na mafunjo kando ya mto.

Kabla utoke

Bei za gate hubadilika, na siku hizi malipo mengi ni ya simu, kwa hivyo cheki mapema na uwe na kitu kwa M-Pesa. Ingia asubuhi, na uwe umetoka kabla ya saa kumi na mbili jioni. Kaa kwa njia kubwa, tembeeni kama mbogi, na usitembee ukitoa simu nje kila dakika mahali hakuna watu. Andika namba yako kwa karatasi umwekee kila mtoi mfukoni.

Mvaeni suruali ndefu na soksi, kwa sababu siafu na thabai hazijui ni wikendi. Na sheria moja haina mjadala: hakuna mkono kuingia kwa shimo. Kijiti kwanza, macho ya pili, mkono mwisho, na mwenye mkono awe mtu mzima. Nyoka hajui mnacheza.

Kwa hivyo leo usiku, mtoi akilala, fungua ramani na uchague vituo vitano. Asubuhi mpe karatasi yenye namba ya kwanza tu, usimwambie kitu ingine. Hiyo katuni atazima mwenyewe.