Keki ya Mahafali: Ngazi Ngapi, au Saa Ngapi?

Mahafali ya Kidato cha Nne yakikaribia, kamati hukaa na kubishana: keki iwe ya ngazi ngapi? Tatu? Nne? Swali ambalo wengi hawaulizi ni hili: ndani kuna nini, na itakaa kwenye joto kwa saa ngapi?

Chukulia shule yenu iko Butiama na mwokaji yuko Musoma mjini. Keki inaondoka asubuhi, inapita Makutano ndani ya gari lenye joto, inasubiri risala, ngoma na hotuba ya mgeni rasmi. MC anaita watu wa kulishana saa kumi jioni. Bunda nako ni yale yale.

Wazungu walioanzisha keki hizi zamani nao hawakuwa na friji. Waingereza walioka keki ya harusi kwa matunda makavu na pombe kali, wakaifunika kwa sukari iliyokauka ikawa ngumu. Ngazi ya juu iliwekwa hadi ubatizo wa mtoto wa kwanza! Na kule Budapest, Hungaria, mwaka 1885, József C. Dobos alionyesha keki ya matabaka membamba, katikati krimu ya siagi na chokoleti, juu sukari iliyoungua ikakauka kama kioo. Aliitengeneza makusudi ili ikae muda mrefu bila kuharibika.

Siri ni nini? Sukari nyingi huvuta maji, na vijidudu bila maji haviwezi kuzaana. Ni kazi ile ile inayofanywa na chumvi kwenye kayabo, wale sangara wetu wa ziwani. Hakuna uchawi hapo.

Sasa njoo kwenye Black Forest, keki ya Kijerumani yenye chokoleti, cheri na krimu ya maziwa iliyopigwa ikaumuka. Tamu, sikatai. Lakini hiyo ni keki ya friji. Krimu ya maziwa au kastadi ina maji na protini, na vijidudu hupenda hivyo hivyo. Kimoja kinaitwa stafilokokasi. Kinaishi puani na kwenye majipu, kwa hiyo mpishi mwenye kidonda kidoleni anaweza kukipandikiza bila kujua. Kikizaana kinaacha sumu isiyo na harufu wala ladha, tena haiondoki hata chakula kikipashwa moto. Shangazi akisema, "Mbona inanukia vizuri?", mweleze kwa heshima kwamba pua haiwezi kuijua.

Kwa hiyo keki ya krimu ya maziwa isikae nje ya friji zaidi ya saa mbili. Kama joto limepita nyuzi 32, saa moja tu. Safari ni ndefu? Agizeni ya siagi na sukari, hata kama ni ngazi moja. Na wakati wa kulishana, kila mtu apewe kijiti chake. Kijiti kimoja kupita midomo ishirini, hapana jamani!

Ukianza kutapika na tumbo kukata kati ya nusu saa na saa nane baada ya kula, kunywa maji yenye chumvi na sukari kidogo kidogo: lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kufuta. Ukiona damu kwenye choo, homa kali, au mkojo haupatikani, usisubiri kesho. Nenda zahanati.