Je, Wajua? Kardani Hulia Kabla ya Kukatika

Je, wajua kwamba kardani ya gari, ile shafti yenye kiungo cha nje na cha ndani inayozungusha gurudumu la mbele hata likikata kona, mara nyingi huuawa na kuchanika kwa mpira unaofunika viungo hivyo? Ndani ya kiungo cha nje mna gololi, kwa kawaida 6, zilizozama kwenye grisi. Ni muundo wa mhandisi Alfred Rzeppa, wa miaka ya 1920. Mpira ukipasuka, vumbi jekundu la Kolwezi, DRC, huingia, likachanganyika na grisi na kusaga chuma kama msasa.

Kuipima nyumbani hakuhitaji mashine. Tafuta uwanja mtupu, kata usukani hadi mwisho, kisha zunguka polepole, kulia halafu kushoto. Ukisikia ka-ka-ka inayoongeza kasi pamoja na gari, kiungo cha nje kimekwisha. Gari likitetemeka unapokanyaga mafuta kwenye barabara iliyonyooka, shuku kiungo cha ndani. Kisha chungulia nyuma ya gurudumu: grisi nyeusi iliyorukia rimu ni ushahidi tosha kwamba mpira umepasuka.

Mpira umechanika lakini kiungo bado kimya? Badilisha mpira na grisi kabla hujashika njia ya Likasi.