Je, Wajua? Maji ya Feruzi ya Millpu

Je, wajua kuwa katika milima ya Andes nchini Peru kuna mabwawa ya asili yenye maji ya rangi ya feruzi? Yanaitwa Millpu, yako mkoani Ayacucho, takriban mita 3,500 juu ya usawa wa bahari, yakifuatana kama shanga katika bonde jembamba la miamba.

Ukipanga safari, chagua kiangazi, Mei hadi Septemba. Mvua za Desemba hadi Machi huleta tope, na rangi hufifia. Lala kwanza mjini Ayacucho, kwenye mita 2,700 na ushei, mwili uzoee hewa nyepesi. Fika bondeni jua likiwa juu, rangi ing'ae. Usiingie majini, uzuri huu ni wa kutazamwa na kutunzwa.