Darasa Lililokosa Juni

Machi 17, 2020, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa nchini Tanzania, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alizifunga shule zote, za awali hadi kidato cha sita. Siku ya pili yake ikawa zamu ya vyuo. Tangazo lile la kwanza lilisimamisha pia michezo: Ligi Kuu, na nyuma yake UMITASHUMTA ya shule za msingi na UMISSETA ya sekondari. Mitaani watu walilia na Ligi Kuu. Hizo nyingine mbili zilipita kama tangazo la kifo cha mtu wa mbali.

Nyambureti, kata ya Wilaya ya Serengeti mkoani Mara, mpira wenyewe haukusimama hata siku moja. Shule zikafungwa, wavulana wakarudi malishoni na ng'ombe wa baba zao, na jioni chandimu ikapigwa kama kawaida: matambara na vipande vya kiroba vilivyokazwa kwa kamba ya katani, mawe mawili kila upande, sheria mkononi mwa mwenye mpira. Kilichosimama ni mashindano, na mtu asipotenganisha hivi viwili hataona watoto walipoteza nini.

Chandimu haina orodha. Hakuna mwalimu anayeandika jina, darasa na mwaka wa kuzaliwa; hakuna refa mgeni; hakuna ofisa michezo aliyekaa kwenye benchi la darasani chini ya mti akikutazama kwa mara ya kwanza. UMITASHUMTA ni ngazi. Shule hucheza na shule, kata huunda timu, wilaya huchuja, mkoa huweka kambi, kisha taifa. Mtoto wa Nyambureti anayepanda ngazi hiyo hulala Mugumu, wilayani, pengine kwa mara ya kwanza bila mama yake, kisha Musoma, mkoani, kisha mkoa asioujua. Ni mojawapo ya njia chache za kuonekana na mtu asiyemjua babake.

Sasa tazama kalenda. Mechi za shule na kata huanza mvua bado zikinyesha, wilaya na mkoa hufuata Mei, taifa hukutana Juni. Shule zilifungwa Machi 17 zikafunguliwa Juni 29, siku 104. Ukilikata dirisha la michezo kwa mkasi, hupati kipande kinacholingana nalo kuliko siku hizo 104.

Masomo yaliokolewa, angalau kwenye karatasi. Kidato cha sita waliitwa mapema, Juni 1, na mtihani wao uliokuwa ufanyike Mei ukaanza Juni 29. Darasa la saba walisogezwa kutoka Septemba hadi Oktoba 7 na 8. Kidato cha nne wakaanza Novemba 23. Kisha ukaja mwongozo wa kuongeza saa mbili za masomo kila siku kufidia muda uliopotea. Kwa shule ya kutwa kijijini, ambako mtoto anatembea kwenda na kurudi na jua halimsubiri, saa hizo mbili zilikuwa zitoke wapi? Zilitoka uwanjani. Michezo ilipoteza msimu kwa sababu ya ugonjwa, halafu ikapoteza nusu ya pili ya mwaka kwa sababu ya tiba.

Mashindano yalirejea Juni 2021, Mtwara, kona ya nchi iliyo mbali kabisa na Mara. Mtu atasema basi, ni mwaka mmoja tu. Hesabu si hiyo. Aliyekuwa darasa la saba mwaka 2020 alifika Juni 2021 akiwa kidato cha kwanza, kitoto cha miaka 14 kinachogombea namba na kaka zake wa kidato cha nne wenye ndevu. Kwake huo ulikuwa mwaka wa pili nje. Wa kidato cha nne ana kisa kibaya zaidi. Alimaliza mtihani Desemba 2020; kidato cha tano huingia Julai. Juni 2021, wenzake wakiwa Mtwara, yeye alikuwa nyumbani, si mwanafunzi wa shule yoyote. Kama alichaguliwa kuendelea, nafasi yake ya kwanza ilikuwa mwaka 2022. Kama hakuchaguliwa, nafasi haikuwepo tena.

Na juu ya ngazi ya taifa kulikuwa na shimo kubwa zaidi. Michezo ya shule za Afrika Mashariki, FEASSSA, ilifanyika Arusha Agosti 2019. Iliporudi tena ilikuwa Septemba 2022, palepale Arusha.

Wataalamu wenzangu wa michezo walihofia zaidi pumzi. Ni kweli kwamba wiki tatu nne bila mazoezi zinatosha kushusha uwezo wa moyo na mapafu wa mkimbiaji aliyezoea kufundishwa. Kijana anayeswaga ng'ombe kutwa nzima, sina hofu na mapafu yake. Hofu yangu ni kwa wasichana. Chandimu ya jioni haikuwa yao. Jioni yao ni maji, kuni na mdogo mgongoni. Goli la netiboli liko shuleni tu, na shule ilipofungwa mchezo wao ulifungwa nayo kabisa. Pande hizi likizo ndefu ina hatari nyingine kwa binti, ndiyo maana Mugumu na ng'ambo ya Mto Mara, Masanga wilayani Tarime, kuna nyumba salama za wanaokimbia ukeketaji. Aliyepata mimba katika siku zile 104 alikuta shule imefunguliwa kwa wengine, si kwake. Ruhusa ya kurudi ilitangazwa Novemba 24, 2021.

Nisizidishe kilio. Wakurya wa upande wa Kenya, ndugu wa damu na wenzao wa Tarime, walikaa nyumbani hadi Januari 4, 2021, isipokuwa madarasa machache, yakiwemo ya mitihani, yaliyoitwa Oktoba. Uganda ilizifungua shule zote Januari 10, 2022, karibu miezi 22 tangu izifunge. Kwa siku za darasani, mtoto wa Nyambureti alikuwa na bahati.

Vyuoni kulikuwa na nafuu ya aina yake. Vilifunguliwa Juni 1, na mwanafunzi wa shahada ya miaka mitatu bado alikuwa na mwaka wa kujaribu tena. Marekani walikwenda mbali zaidi: chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kiliamua Machi 30, 2020 kwamba wanamichezo wa michezo ya machipuko, ambao msimu wao ulikatizwa, waruhusiwe kuongezewa mwaka mmoja wa kucheza. Uamuzi huo una gharama, lakini unakiri jambo moja, kwamba msimu ni mali ya mchezaji na ukichukuliwa anadai. Wa kumaliza darasa la saba huwezi kumwongezea mwaka ili acheze mpira, hilo nalijua. Wala mwanachuo wa ualimu wa miaka miwili, ambaye msimu mmoja kwake ni nusu ya chuo, na ndiye atakayepelekwa kijijini na filimbi asiyoizoea.

Fedha nazo zilikauka. Wageni waliofika Tanzania walishuka kutoka milioni 1.5 mwaka 2019 hadi takriban 620,000 mwaka 2020, na Serengeti ni wilaya ambako baadhi ya wazazi huishi kwa kazi za hoteli na kambi za watalii. Mzazi aliyerudishwa kutoka hotelini hanunui njumu.

Hata hivyo kulikuwa na mwanya. Darasa la saba waliweka kalamu chini Oktoba 8, 2020 na hawakuwa na darasa hadi Januari. Miezi karibu mitatu, hakuna kipindi cha kufidia, hakuna mtihani. Mikusanyiko haikuwa tatizo tena: uchaguzi ulikuwa Oktoba 28, na nchi nzima viwanja vya mpira vilijaa watu, jukwaa golini na spika zikielekea kona. Kuwapa hao wa darasa la saba mashindano yao, kata ingehitaji mipira miwili, filimbi, jioni nne na daftari la kuandika majina.